Nipe Tumbe

Mimi sikurithi kitu. Nilitoka Tumbe kijana, nguo zangu zote zikiwa kwenye mfuko wa plastiki, nikafagia gereji Mombasa, nikaosha vyuma Nairobi, na huko Nairobi nikasoma jioni baada ya kazi mpaka nikapata stashahada ya umeme wa magari. Stashahada hiyo ipo kwenye fremu katika gereji yangu hapa Konde, juu ya benchi la kazi, mahali ambapo mteja lazima aione kabla hajaanza kunifundisha kazi yangu. Gari likizima taa kaskazini hii ya Pemba, mwenyewe atahangaika nalo kwanza, atawapa mafundi wawili watatu walichezee, kisha ataliburura mpaka kwangu. Nimezoea. Sipandishi bei kwa sababu hiyo, ingawa ningeweza.

Nayasema haya ili ijulikane kwamba watoto wangu hawakurudi Pemba kwa shida. Walirudi kwa sababu baba yao alikuwa amejenga.

Walizaliwa ndani ya ua wa gereji ya Nairobi. Mwenye gereji alikuwa Kalasinga, mtu wa kilemba na ndevu, mkali wa kazi, na mimi nilikuwa fundi wake mkuu wa umeme. Familia yake ilikaa ghorofani, sisi tulikaa vyumba vya nyuma, na watoto wa juu na wa chini walicheza pamoja kati ya injini zilizofunguliwa. Mama yake mzee, ambaye wote tulimwita Biji, alikaa kila alasiri kwenye kitanda cha kamba akimenya njegere na kuwategea watoto vitendawili vya kwao Punjab. "Bujho," alikuwa akisema, yaani fumbueni. Aliyefumbua alipewa kipande cha sukari guru. Wangu walipenda sukari guru, na kwa njia hiyo wakakijua Kipunjabi kabla mama yao, ambaye ni mtu wa Mombasa, hajapata habari kwamba wanajifunza. Mimi mwenyewe nakizungumza vizuri. Wahindi wengi wa Unguja hawanifikii, ingawa kusema kweli wengi wao si Wapunjabi.

Tuliporudi, binti yangu aliingia darasa la nne. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, maneno mawili ya kwetu na moja la gereji, na Kipemba hakukijua kabisa. Watoto walimuuliza kwao wapi, akasema Nairobi. Wakampa jina la Kalasinga. Hayo angeyavumilia, maana mtoto wa gereji huvumilia mengi. Lililomvunja lilitoka kwa kaka yangu.

Kaka yangu ananunua na kuuza samaki Tumbe, kwenye diko, pale mashua zinaposhusha na samaki kunadiwa. Hajawahi kukaa nje ya Pemba zaidi ya safari ya hospitali. Siku ya Idi tulikula kwake, ukumbi umejaa, na katikati ya pilau akawatazama watoto wangu akasema, bila chuki yoyote, kama mtu anayekisia uzito wa samaki kwa macho, "Mashallah, watoto wazuri. Lakini hawa si wa Tumbe hawa. Hawa wa gereji." Watu wakacheka. Binti yangu alikuwa mlangoni, ameshika sinia la wanawake. Aliliweka chini taratibu. Tangu siku hiyo, shuleni akiulizwa kitu alijibu kwa kichwa. Mwalimu wake aliniita akaniuliza kama mtoto ana tatizo la kusikia.

Mambo ya redio yalikuja baadaye kidogo. Redio yetu ya jamii ilikuwa ikizimika kila mara umeme ukishuka, na mafundi wao walikuwa wameshakata tamaa. Niliitengeneza siku moja. Watoto walikuwa nami, wakigombana kwa Kipunjabi juu ya nani akae kiti cha mbele, na mtangazaji wa kipindi cha watoto, msichana mwenye sauti nzuri na maswali mengi, akatoka nje kusikiliza.

"Hiyo lugha gani, baba?"

"Kipunjabi."

"Wanaweza kutega vitendawili kwa lugha hiyo, kisha watufasirie?"

Nikamwambia wanangu wanaweza chochote. Sikuwauliza wenyewe.

Kipindi hicho kinarushwa Jumamosi asubuhi, na kina utaratibu mmoja ambao watoto wa huku wanauchukulia kwa uzito kuliko mtihani. Sote tumekua na jambo hili: mtu akitega kitendawili na wenzake wakashindwa, husema "Nipe mji," nao humpa mji, naye akisharidhika na mji huo huutembelea kwa maneno, kisha ndipo hutoa jibu. Akiona mji mdogo, anakataa mpaka apewe mwingine. Redio iliongeza lake: mtoto aliyepewa mji hubaki kuwa mwenye mji huo mpaka Jumamosi inayofuata, na mtangazaji humtaja hivyo kila siku kwenye salamu. Shuleni kwa binti yangu, mwenye mji hutangulia kwenye foleni ya bomba. Nilimwona kwa macho yangu mtoto mmoja mwembamba akiwapita wakubwa zake na ndoo, akisema "Mwenye Micheweni apite," nao wakampisha.

Asubuhi ya kipindi tulikuwa ndani ya gari, mdogo wake amelala nyuma, binti yangu akaanza kuzungumza. Alizungumza Kipunjabi, kama kawaida yake akiwa nami peke yetu.

"Baba, wakishindwa, naweza kuchagua?"

"Kuchagua huwezi. Kukataa unaweza. Unakataa mpaka wafike kwenye ule unaoutaka."

"Nataka Tumbe."

"Tumbe ni kwenu. Utapewaje kitu chako?"

Akatazama nje. Tulikuwa tunapita penye wanawake wanaoanika dagaa. "Nani kasema ni kwetu?" akaniuliza.

Nilitaka kumjibu kwamba mimi nimesema, na kwamba neno langu kaskazini hii lina uzito. Lakini nilikumbuka sinia lile, nikabadilisha gia.

Studio yenyewe ni chumba kidogo chenye magodoro ya sponji yaliyogongomewa ukutani, na kioo kinachokitenga na chumba cha mitambo. Mimi nilikaa upande wa mitambo, kwa kuwa mitambo ile naijua. Watoto walikaa watano kuzunguka kipaza sauti. Mwanangu mdogo alianza, kwa sababu hana haya. Akasimulia kisa cha Biji cha mkulima wa Punjab aliyemkuta jirani yake anamwagia maji trekta dogo. Akamuuliza, ndugu, unafanya nini? Jirani akasema, kubwa nimeshindwa kununua, hili nalikuza.

Pale Nairobi kisa hiki kiliwaangusha watu chini kwa kicheko. Hapa simu ililia mara moja. Alikuwa mzee mmoja wa Wesha, na alikuwa na swali.

"Mwanangu, hilo trekta alilitia na mbolea?"

"Sijui, Babu. Biji hakusema."

"Basi ndiyo maana halikukua. Maji matupu hayatoshi."

Mzee akakata simu. Mtangazaji alicheka mpaka akafunika kipaza sauti kwa mkono, na mwanangu akaniangalia kwenye kioo, hajui kama ameshinda au ameshindwa.

Kisha zamu ya dada yake. Alikaa wima, mikono chini ya mapaja. Alisema kwanza kwa Kipunjabi, sauti ikitoka nyembamba, halafu akafasiri.

"Kitendawili."

"Tega," wakasema wenzake.

"Bibi yangu amezikwa mpaka shingoni. Mdomoni kwake moto. Kila ukimpiga kofi, anakulipa chakula."

Kitendawili hiki nilimchagulia mimi. Jibu lake ni tanuri la udongo la Kipunjabi, lile linalofukiwa ardhini, mikate ikabandikwa ndani kwa kiganja. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu: nani Pemba atajua tanuri la Punjab? Nikajiegemeza. Simu ikalia kabla sijatulia kwenye kiti.

"Mofa," ikasema sauti ya mwanamke, na nyuma yake nilisikia kuku. "Hilo tanuri la mofa, mwanangu. Hapa n'nalo, linawaka. Limefukiwa na hilo kofi nimelipiga tangu alfajiri."

Lilikuwa jibu sahihi. Biji mwenyewe angempa sukari guru. Na mimi, niliyekula mkate wa mofa kwa supu ya pweza maisha yangu yote ya utoto, nilikuwa sijawahi kuyaweka matanuri hayo mawili pamoja kichwani. Nilijiambia kwamba mtu mwenye mengi kichwani hawezi kuyapanga yote.

Binti yangu hakulia. Aliuma mdomo. Mtangazaji, ambaye ana moyo mzuri, akamuuliza kama anacho kingine, na akatikisa kichwa kukubali, kisha akakumbuka kwamba redio haioni vichwa.

"Ninacho," akasema.

Hiki hakukipata kwangu, ingawa jibu nilikuwa nalijua. "Msafiri wangu amefungwa macho. Kutwa anatembea, jioni yuko pale pale. Yeye ana kiu, shamba limekunywa."

Simu zikaanza. Mmoja akasema mvua. Mmoja akasema mtu aliyepotea msituni. Mzee wa Wesha akarudi, maana sasa ameshaingia mchezoni, akasema ni ngamia wa kinu cha mafuta, aliowaona zamani Unguja, walikuwa wakifungwa macho wazunguke wasipate kizunguzungu. Mtangazaji akamgeukia binti yangu, tayari kumpigia makofi mzee.

"Hapana, Babu," binti yangu akasema. "Wa mafuta, shamba halinywi."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimpinga mtu kwa Kiswahili tangu Idi. Mzee akakiri: "Kweli. Shamba nililisahau."

Halafu ikaingia simu yenye kelele nyingi, watu wananadi, chuma cha mizani kinagonga, na nikaitambua sauti kabla haijamaliza salamu.

"Asalaam alaykum, studio. Mie niko hapa dikoni Tumbe. Huyo mtoto ni wa ndugu yangu."

"Waalaykum salaam, mzee. Karibu. Jibu unalo?"

"N'nalo. Saa ya ukutani. Inazunguka, iko pale pale."

"Saa haina kiu, ba mkubwa," binti yangu akasema.

"Basi punda."

"Punda gani anafungwa macho?"

"Punda wa kwenu huko Nairobi. Mimi nitawajuaje."

Dikoni wakacheka, studio wakacheka. Binti yangu hakucheka. Mtangazaji akauliza, "Mzee, umeshindwa?"

"Sijasema nimeshindwa. Nimesema leo sijui."

Lazima nieleze kwamba katika nyumba yetu hakuna anayelijua neno "nimeshindwa." Marehemu baba yetu alikufa akiwa bado na kesi ya mpaka wa shamba ambayo kila mtu alijua amekosa. Mimi nimeuchukua ubishi huo nikautumia vizuri, nikapata stashahada. Kaka yangu ameuchukua akaubakiza dikoni, anabishana na wavuvi.

"Asiyejua ndiye aliyeshindwa, na aliyeshindwa hutoa mji," mtangazaji akasema. "Mpe mtoto mji, mzee."

"Haya. Chukua Nairobi."

"Sitaki," binti yangu akasema.

"Chukua Dubai. Ina magorofa."

"Sitaki."

"Huyu mtoto ana tamaa," kaka yangu akawaambia watu wa dikoni, sisi tukisikia. "Unataka wapi basi?"

"Nataka Tumbe."

Kule dikoni mnada ulikuwa ukiendelea, nikasikia mtu akitaja bei ya samaki changu na mtu akiikataa. Hapo nikasimama. Nikagonga kioo, nikajipiga kifua kumwonyesha mtangazaji kwamba mimi ni mtu wa Tumbe, nimezaliwa pale, kitovu changu kiko pale, mji nitautoa mimi. Nilikuwa tayari kuingia studio. Akanielewa, akasema hewani, "Baba yake yuko hapa, anataka kuutoa yeye. Baba, hairuhusiwi. Wewe jibu unalijua. Mji hutolewa na asiyejua."

Nikakaa. Katika maisha yangu yote kujua kumenipa kila kitu nilichonacho. Siku hiyo peke yake kujua kuliniweka nje ya kioo, nikimtazama mtoto wangu akisubiri neno la mtu mwingine.

"Tumbe haitolewi ovyo," kaka yangu akasema hatimaye. "Tumbe ina wenyewe. Mie nakupa mji mkubwa kuliko yote. Chukua Makka."

Hata wale watoto wengine walielewa kilichofanyika. Makka haikataliwi. Nani atasema hewani, Pemba nzima inasikiliza, kwamba Makka haitaki? Na akiikubali, basi yameisha, ataitembelea Makka kwa maneno, atatoa jibu, na Tumbe itabaki kwa wenyewe. Kaka yangu amefanya biashara miaka mingi, anajua kumfunga mtu kwa kumpa zaidi ya alichoomba. Mtangazaji alinitazama kana kwamba ningeweza kufanya kitu.

Binti yangu alitoa mikono chini ya mapaja akaiweka mezani.

"Makka nitakwenda, ba mkubwa, inshallah," akasema. "Lakini anayekwenda kuhiji huondokea kwao, watu wa kwao wakamsindikiza. Mimi nitaondokea wapi? Nipe Tumbe kwanza."

Dikoni mnada ulikatika. Nilisikia kabisa unavyokatika, sauti moja baada ya nyingine. Kisha mtu wa pembeni, sijui nani, akasema kwa utulivu, "Mpe, bwana. Mtoto kakwambia neno."

"Mnada unaningoja," kaka yangu akasema.

"Mnada umesimama, unakungoja weye."

Akavuta pumzi, ikasikika kwenye redio zote kuanzia Konde mpaka Wesha. "Nimeshindwa," akasema. "Chukua Tumbe. Lakini diko uniachie."

"Pamoja na diko."

"Pamoja na diko. Haya."

Watoto wakapiga meza. Mtangazaji akamwambia sasa autembelee mji wake. Na hapo nikaona kwamba sikumfundisha sehemu hiyo. Kwa Biji, mtu akishindwa anasema kashindwa, na mchezo umekwisha. Hakuna mji wala safari. Sisi tuliokulia hapa tunajua namna yake, unasema ulifika, ukapokewa, ukala hiki na kile, ukawasema kidogo walioshindwa. Yeye hakujua kwamba ni maneno ya kubuni. Akasimulia Tumbe aliyoiona.

Alisema alifika akakuta baiskeli zinatoka na matenga, na wa mbele hapigi kengele, anapiga mluzi, na watu wanajua kwa mluzi ni nani. Akasema akapita nyumba yenye mlango wa buluu ambayo mwenyewe hufagia uwanja mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya majirani. Akasema watoto wa Tumbe wakiona mgeni hawamsalimii, wanamtazama miguu. Akasema akamkuta ba mkubwa wake anauza changu, anaapa ni wa leo, na akigeuka mteja yeye anawamwagia maji wang'ae. Akala kwake, wali na mchuzi, mchuzi ulikuwa mzuri. Kisha akatoa jibu: kule Punjab zamani, ng'ombe alifungwa macho, akazungushwa kutwa kwenye gurudumu la kisima, ndoo zikapanda na maji, maji yakaenda shambani.

Nilikuwa nikidhani kwamba mtoto huyu, kwa miezi yote ile, alikuwa haoni kitu, amefunga mlango wa kichwa chake. Alikuwa akiangalia. Sisi tulikuwa tunaangalia kama anazungumza.

Kaka yangu alikuwa bado yuko kwenye simu. "Changu wangu wa leo," akasema. "Andikeni hilo." Kisha akakata. Jioni alipita gerejini kwangu na samaki wawili kwenye ukili, akawatundika kwenye kitasa cha mlango, akasema ni wa mwenye Tumbe, akaondoka bila kukaa. Mambo ya Idi hayakutajwa, na mimi sikuyatafuta.

Wiki ile binti yangu alitangulia kwenye bomba. Mwalimu wake hakuniita tena kuhusu masikio. Aliniita kuhusu maneno, kwamba yamezidi darasani.

Jumamosi iliyofuata watoto walikwenda redioni bila mimi, nilikuwa na gari la abiria lililowashinda mafundi wengine. Niliwasha redio juu ya benchi. Mtoto mmoja wa Wesha alitega kitendawili kirefu cha kwao, wote wakashindwa, na mtangazaji akamwambia binti yangu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mji wa wiki, atoe yeye. Nilisimama na bisibisi mkononi. Nilijua Tumbe hataitoa. Ningekuwa mimi nisingetoa, baada ya kazi ile yote.

Akasema, "Chukua Tumbe," wepesi, kama mtu anayempa jirani chumvi.

Mtoto wa Wesha akaanza safari yake. Alifika Tumbe, akasema, akashuka kwenye gari, akageuka kushoto akaingia msikitini.

"Msikiti hauko kushoto," binti yangu akasema.

"Mie nimegeuka kushoto."

"Kushoto utaingia jikoni kwa watu. Rudi ulikoshukia. Sasa nenda mbele, utaona mbuzi wamefungwa, usiwashike, wana mwenyewe. Haya, mbele. Mbele tu. Umeona wazee mlangoni pa msikiti?"

"Nimeona."

"Hapo salimia, ndio upite."